Abee ya Sauti Yako

Ukuta mzima ulikuwa kijani siku mjukuu wangu aliposimama mbele ya watu akasema damu haiitiki.

Hakusema kwa kelele. Si mtu wa kelele yule. Tangu utotoni tulimwita Sisimizi, kwa kuwa alikuwa mdogo, hatulii mahali pamoja, na nyayo zake husikii hata uweke sikio sakafuni. Chumba kilikuwa cha wageni siku hiyo: viti vimevikwa vitambaa vyeupe, chupa za maji zimepangwa mezani, na mbele yetu skrini nyingi zimeunganishwa hadi zikawa kama dirisha moja kubwa. Ndani ya dirisha hilo mlikuwa na vidirisha vidogo, kila kimoja na namba zake, na mistari yake inayopanda na kushuka, na pembeni taa ya kijani. Mkuu wake wa kazi, ambaye vijana humwita Bwana Kijani akishageuza mgongo, alikuwa katikati ya hotuba. Kidole chake kilikuwa bado hewani, kimeelekea palipoandikwa DAMU.

"Tazameni kasi hii," alikuwa akisema. "Tangu asubuhi haijajibu upesi namna hii."

Hapo ndipo mtoto akasimama.

Nilikuwa nimekaa ubavuni pake, nimevaa gauni langu la shughuli, mkoba mapajani. Kila mfanyakazi aliruhusiwa kuleta mgeni mmoja, akanichagua mimi. Watu wote walimgeukia kwa nyuso zilizokunjamana. Lakini moyo wangu, moyo ulikuwa unacheka. Na huwezi kujua kwa nini ulicheka mpaka kwanza nikupeleke uani kwangu.

*

Nilikuwa mlezi wa watoto wa watu. Shule niliionja tu, nikaiacha ningali naipenda. Nikalea wadogo zangu, nikalea wanangu, na wanangu walipoanza kazi nikalea watoto wa mtaa. Mama zao waliwaleta asubuhi wakielekea kiwandani, wakiwa wamelala begani kama nguo zilizokunjwa, na binti yangu mwenyewe alikuwa mmoja wa mama hao. Ua wangu ulikuwa na kona kuliko watoto: nyuma ya tangi la maji, chini ya ngazi, stoo, kati ya ukuta na ukuta. Macho mawili yasingetosha. Basi nikatumia mdomo.

Niliita. Nikifua, naita. Nikikoroga chungu, naita. Jina moja baada ya jingine, na kila aliyeitwa sharti aitike: wa kike "Abee!", wa kiume "Naam!" Majirani walisema, yule mama anafundisha adabu. Adabu ilikuwamo, sikatai. Lakini mimi nilikuwa nasikiliza ua wangu, kama mtu anayepapasa mfukoni kuona funguo zingalipo.

Sisimizi alikuwa akija mbio, anahema.

"Abee, Bibi! Ulikuwa unataka nini?"

"Sitaki kitu. Nimeita tu."

Akarudi mchezoni ananung'unika kwamba Bibi anamwita bure, Bibi hana kazi. Na kanuni yangu nyingine ilikuwa hii: ukiita mara tatu hujaitikiwa, ya nne haipo. Unaliacha povu likukaukie mikononi, unakwenda kutazama.

Sasa alikuwapo binamu yake, msichana mwenye koo la ajabu. Aliweza kulia kama kitasa cha lango, kukohoa kama mwenye nyumba, kucheka kama mama wa jirani. Tulimwita Kasuku. Leo anasoma matangazo redioni, na ukisikia sabuni inasifiwa kwa sauti za watu wanne, jua wote wanne ni yeye.

Siku moja walicheza kujificha. Sisimizi akaingia katika sanduku la mablanketi kule stoo, akajifunika, akavuta mfuniko. Komeo likaanguka lenyewe kwa nje.

Mimi niko kwenye beseni. Nikaita, "Sisimizi!"

"Abee!" Ikaja upesi, nyororo, kama maji ya bomba.

Nikaendelea kufikicha. Nikaita tena. "Abee!" Nikaita tena. "Abee!"

Mkono ukasimama. Ilikuwa abee ileile. Urefu uleule, wimbo uleule, na ilinijia upesi kuliko mtoto aliye mbali anavyoweza. Mtoto hai hawezi kuitika mara tatu kwa namna moja. Ya kwanza ana hamu, ya pili amechoka, ya tatu amekasirika. Hii ilikuwa abee iliyokaushwa ikawekwa kabatini.

Niliinuka. Kasuku nilimkuta kwenye ngazi, mdomo bado wazi.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Bibi, nilikuwa namsitiri tu, usimkamate..."

"Yuko wapi?"

Alinyoosha kidole. Nilipofungua sanduku, Sisimizi alitoka amelowa jasho kama aliyetoka mtoni. Alikuwa amepiga mbao kwa ngumi, mablanketi yakameza kila pigo. Hakulia. Alinishika shingo, akaninong'oneza neno ambalo mpaka leo linanisimamisha nywele.

"Bibi, nilisikia unaniita. Halafu nikasikia nimeitika. Na si mimi."

Tangu hapo, kwangu abee tupu haikupokelewa. Ukiitwa, unaitika na kusema uko wapi na unafanya nini saa hiyohiyo. Ua ukajaa taarifa. "Abee, niko ngazini, nafunga kiatu!" "Naam, niko kwenye tangi, namzika mende!" "Abee, niko chooni, usije!" Mama zao walipokuja jioni walicheka mpaka wakashika mbavu. Wacha wacheke. Nilikuwa nalala usingizi wangu wote.

*

Watoto wakakua, ua ukanyamaza. Sisimizi akasoma mambo ya kompyuta hadi vyeti vikakosa ukuta. Akapata kazi katika kampuni moja inayoweka programu za watu kwenye wingu, na kwa kuwa ofisi yao ilikuwa inajengwa upya, akaja kufanyia kazi nyumbani kwangu. Meza yangu ya chakula ikaota skrini mbili na nyaya kama mizizi. Nikawa nala kwenye kochi, sahani mapajani, na sikulalamika. Nani analalamika akipewa mjukuu mchana kutwa?

"Wingu lenyewe ni kitu gani?" nilimuuliza siku ya kwanza. "Nisije nikaanika nguo chini yake."

"Ni kompyuta tu, Bibi, nyingi, ziko katika jumba la mbali lenye baridi. Wenye programu wanatukabidhi programu zao. Sisi tunaziweka kule, tunazipa nafasi, tunahakikisha hazianguki. Ya shule ipo, ya tiketi za basi ipo. Na sasa tunaletewa ya benki ya damu. Hospitali ikitaka damu inaomba humo, na dereva anaiona papo hapo."

"Kumbe mnalea watoto wa watu."

Alicheka, kisha akaacha kucheka, akanitazama. "Ndiyo, Bibi. Na mimi ndiye niliyepewa kuwaangalia."

Kazi yake ilikuwa kulipatia macho jukwaa lile zilipowekwa programu zote. Alitengeneza dashibodi. Nikamwambia dashibodi naijua, ile ya gari: mafuta, joto, mwendo. Akasema ni hiyohiyo, ila magari ni mengi na hakuna hata moja unaloliona. Basi nikawa nachambua mboga huku natazama vidirisha vikizaliwa. Hiki kinaonyesha programu inachukua muda gani kujibu. Hiki, imekosea mara ngapi. Hiki, imebeba mzigo kiasi gani. Hiki, nafasi iliyobaki kabla haijajaa.

Mwanzoni aliweka kengele kila mahali. Programu ya shule ikivuta pumzi kwa nguvu, simu inalia. Ya tiketi ikijikuna, simu inalia. Siku moja nilimwona anaichukua ile simu, anaisukuma chini ya mto wa kochi, anaukalia. Kisha akabaki ameukalia, anafikiri.

"Hapana," akasema peke yake. "Kengele ikishakaliwa si kengele tena."

Akarudi mezani, akazipitia moja moja, na kila moja aliiuliza kwa sauti, kama mwalimu anayemsimamisha mwanafunzi: "Wewe ukilia, nani anainuka? Anakwenda kufanya nini?" Iliyokosa jibu akaifuta. Nilikuwa nimekaa na kisu mkononi, mboga zinanyauka, natazama mtoto aliyekuwa hawezi kufunga vifungo vyake anavyoamua nini kinastahili kumwinua binadamu kitini. Nani alinifundisha kutazama namba? Hakuna. Nilikuwa namtazama yeye.

Wiki moja alikuwa hana raha. Anachora kwenye karatasi, anakunja, anatupa. Nikamwekea chai, ikapoa.

"Namba zote hizi ni programu inajisifu yenyewe," akasema mwishowe. "Na mbele ya kila programu nimeweka bawabu, Bibi. Watu wengi wakiuliza jambo lilelile, bawabu anakumbuka jibu la karibuni na kulitoa mwenyewe, wa ndani apumzike. Ni bawabu mzuri sana. Lakini wa ndani akizimia, bawabu hajui. Anaendelea kujibu. Tena anajibu upesi zaidi, maana hamuulizi mtu." Akapiga meza kwa kiganja, chai ikamwagika. "Ni Kasuku, Bibi! Nimemweka Kasuku mlangoni kwa mikono yangu!"

Tulicheka hadi machozi. Kisha akaanza kuandika, na hakuinuka mpaka jua likahama dirishani.

Alichotengeneza nitakueleza kama alivyonieleza. Kila baada ya muda mfupi, dashibodi inaiita kila programu. Inaipa kitu kipya, kitu ambacho hakijawahi kuwapo, na programu ya ndani lazima ikipokee, ikihifadhi, ikirudishe. Bawabu hawezi kukikumbuka, kwa sababu jana hakikuwapo. Yaani: abee, niko hapa, na hiki ndicho ulichonipa sasa hivi. Isipoitika mara tatu, taa nyekundu. Juu ya safu hiyo ya taa akaandika neno moja kwa herufi kubwa: ABEE.

Bwana Kijani aliiona kwenye mazungumzo yao ya skrini. Nilikuwa jikoni, lakini sauti ile ingesikika hata kaburini.

"Dada, hii abee ni nini? Wateja watatuchukuliaje? Weka jina la kitaalamu."

"Jina hilo linasema kazi yake, bosi."

"Na mara mbili imewaka nyekundu bila sababu."

Hilo lilikuwa kweli. Katika majaribio iliwaka mara mbili programu zikiwa nzima, akatoka jasho kuitengeneza.

"Ilikuwa inasubiri muda mfupi mno. Nimerekebisha."

"Sawa. Siku ya wageni haitakuwa ukutani. Ibaki kwenye kompyuta yako. Na ikilia bure tena, tunaiondoa, na wewe unarudi dawati la kupokea simu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Alifunga kompyuta taratibu. Nilimletea chai nyingine. Aliinywa, akasema hakuna neno. Lakini usiku ule alikula sahani mbili, na mimi namjua: Sisimizi akiogopa hula.

*

Basi turudi chumbani, kwenye vitambaa vyeupe.

Kompyuta yake ndogo ilikuwa mapajani pake, nusu wazi, kama mtu anayechungulia karata. Bwana Kijani anasifu kasi. Wageni wanatikisa vichwa. Mbele kabisa amekaa daktari mkuu wa benki ya damu, mwanamke mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Na pale mapajani, katika safu ya ABEE, taa moja ilikuwa imegeuka.

Aliiangalia. Akauangalia ukuta. Ukuta kijani, ukuta unang'aa, ukuta mnene wa kijani. Kidole chake cha gumba kikaanza kusugua kucha, kama alivyofanya alipokuwa mdogo.

Nikamwinamia. "Nani?"

"Damu."

"Umeita mara ngapi?"

"Tatu."

Ningeongeza nini? Mimi sijui kilichokuwa kimeharibika humo. Pengine ilikuwa inalia bure tena, na yeye alijua hivyo kuliko mimi. Nilichukua mkoba wangu kutoka mapajani, nikauweka chini, nikanyoosha mikono. Akanipa kompyuta niishike. Akasimama.

"Samahani, bosi. Damu haiitiki."

Kidole cha Bwana Kijani kilibaki hewani. Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyemwagiwa soda mbele za watu. "Dada, tutaliongea baadaye. Kama wageni wetu wanavyoona, damu ndiyo inayojibu upesi kuliko zote."

"Ndiyo maana naogopa. Inajibu upesi mno. Aliyejibu si yeye."

Mtu nyuma akacheka kidogo. Nikageuka, nikamtazama kwa jicho langu la uani. Akaacha.

"Keti, tafadhali," akasema Bwana Kijani, sasa bila tabasamu.

Hakuketi. Alikuwa amesimama na mikono pembeni, mdogo kama alivyo, na ukuta ule mkubwa ukimmulika uso kijani. Hapo ndipo moyo wangu ulipocheka. Nilimwona ndani ya sanduku, anapiga mbao, na safari hii watu wanamsikia.

Daktari alivaa miwani. "Binti, unasema wa ndani amezimia, na anayetujibu ni mwingine?"

"Ndiyo, mama. Naweza kuwa nimekosea. Lakini hakuna haja ya kunisadiki. Pigia hospitali yoyote, waulize kwa sauti."

Daktari hakumsubiri mtu. Akapiga simu, akaiweka sauti ya nje. Muuguzi akapokea, anahema.

"Dokta, afadhali umepiga! Tumeomba damu muda mrefu. Skrini inasema imepokelewa, imepokelewa. Dereva hajaja. Mama wa watu yupo kitandani hapa!"

Wageni wakaacha kutikisa vichwa, wakaugeukia ukuta.

Daktari alitoa amri palepale kwa mdomo, dereva akatafutwa kwa simu kama zamani, akaondoka. Kisha akamgeukia Bwana Kijani. Nitamsifu yule bwana kwa alichofanya baadaye, maana wapo wakubwa ambao wangetafuta wa kumlaumu. Alivua koti, akalitupa juu ya kile kitambaa cheupe, akasogeza kiti kando ya Sisimizi.

"Niambie nifanye nini."

"Mwondoe Kasuku."

"Nani?"

"Bawabu wa damu, bosi. Mwondoe mlangoni."

Akamwondoa. Na mbele ya wageni wote, katikati ya ule ukuta wa kijani, kidirisha cha DAMU kikawa chekundu pyu. Sijapata kuona rangi nzuri namna ile. Ilikuwa aibu, ndiyo, lakini ilikuwa kweli, na kweli ikishaonekana mtu hujua aweke mkono wapi. Sisimizi na vijana wawili wakaingia kazini, wanazungumza maneno mafupi kama mafundi walio juu ya paa. Wakaizima programu, wakaiamsha. Maombi yaliyokuwa yamekwama yakaanza kutoka moja baada ya jingine. Na mimi, niliyekuwa nimeshika ile kompyuta ndogo kama sinia la mayai, ndiye niliyeona wa kwanza.

"Imeitika!" nikapiga kelele, bibi mzima. "Sisimizi, imeitika!"

Jina likaniponyoka ofisini hivyo hivyo, na mpaka leo wanamwita hilo.

Yule mama aliyekuwa kitandani sikumjua, wala sitamjua. Daktari alipokuwa anaondoka alisema tu damu imefika mapema vya kutosha. Aliushika mkono wa mjukuu wangu kwa mikono yake yote miwili.

Bwana Kijani aliamuru safu ya ABEE iwekwe ukutani, juu kabisa. Kijana mmoja akauliza jina la kitaalamu ni lipi. "Ndilo hilo," akasema, "andika." Kisha akaja nilipokaa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba."

"Umetulelea fundi."

"Sikuwalelea nyinyi," nikamwambia. "Nilimlelea mama yake. Nyinyi mmeazimwa tu, mtunze."

Alicheka sana. Mimi sikuwa natania sana.

*

Siku hizi Sisimizi ndiye mkuu wa chumba kile. Miguu yangu imekataa safari ndefu, nakaa dirishani penye mwanga, nashona vifungo vya nguo za vitukuu. Ua umejaa majani. Ukinyamaza sana, nasikia bado mtu anamzika mende.

Juzi mchana simu ililia. Nyuma ya sauti yake nilisikia vidole vya vijana vikigonga kompyuta.

"Bibi!"

Mkubwa akiitwa na mjukuu hujibu "Ee", au "Nini?", na hakuna wa kumlaumu. Abee hupanda, haishuki. Lakini niliweka sindano chini, nikakohoa kidogo sauti ikae sawa.

"Abee," nikasema. "Niko dirishani, nashona kifungo, uzi umeniishia."

Nadhani alikuwa anatabasamu.

"Ulikuwa unataka nini, mjukuu wangu?"

"Sitaki kitu, Bibi. Nimeita tu."